Altezza ya Shemeji

Shemeji yangu wa Katoro hapigi simu kuomba hela, hupiga kutoa ofa. Safari hii ofa ilikuwa gari: Toyota Altezza nyeusi, namba D, AC inapuliza, redio ya kioo, kadi ipo, ukinunua ni kuwasha na kuondoka. Bei milioni 12 na maongezi yapo, kwa kuwa mimi ni wa nyumbani. Nilipomweleza mke wangu Mama Kulwa, ambaye ni dada yake, aliendelea kuchagua mawe kwenye mchele, halafu akauliza swali moja tu: "Watu wa nje wamempa ngapi?"

Huku kwetu, kuanzia Kahama na Masumbwe mpaka Nyarugusu na Geita mjini, bei ya gari husomwa kwanza kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu. Duara likitema, dalali wa magari anajua kabla ya mke wa mchimbaji, na kila kitu chenye magurudumu kinapanda bei jioni hiyohiyo. Duara likijaa maji, magari yaleyale yanarudi mtaani kutafuta wateja, vumbi jekundu likiwa bado kwenye mazulia. Shemeji alinunua lake msimu wa kutema. Alikwenda Mwanza na fedha taslimu, akafika usiku, akafungua mlango, akasikia muziki, akalipa milioni 14. Boneti haikufunguliwa. Sasa pampu ya duara ilikuwa imekufa, matimba ya kuzuia kuta yalitaka kubadilishwa, na wenzake wa hisa walikuwa wamempa muda: atoe fungu lake au atoke.

Sisi nasi tulikuwa na akiba Saccos, iliyoandikwa "gari la familia". Kwa mwandiko wa Mama Kulwa maana yake ilikuwa IST, au Probox kama ile michomoko inayobeba abiria kati ya Shinyanga na Kahama. Kwa mawazo yangu ya faragha, maana ilikuwa bado na nafasi.

Lakini Mama Kulwa si mtu wa kuuziwa kitu kwa kuwa kinang'aa. Kabla mapacha wetu hawajazaliwa alikuwa karani wa mnunuzi wa dhahabu Kahama, na aliendelea na kazi hiyo hata baada ya masoko ya madini kufunguliwa mwaka 2019, la Geita likitangulia mwezi Machi. Kutwa alikaa kando ya mizani. Mchimbaji huleta tonge lililochomwa zebaki, la njano kabisa, naye tayari amekwisha kulipigia hesabu njiani. Tonge hupimwa kwanza kavu, kisha hupimwa likiwa limening'inia ndani ya maji. Dhahabu safi ina gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo na fedha ina 10.5, kwa hiyo tofauti ya vipimo viwili humwambia mnunuzi kilichomo ndani ambacho jicho halikioni. Mama Kulwa husema hakuwahi kusikia mnunuzi mzuri akimwambia mtu "dhahabu yako ni feki". Humwambia asilimia zake, kisha humwambia bei ya asilimia hizo. Ugomvi wote wa mezani pale ulitokana na watu kudai bei ya asilimia walizozitamani.

Gari liliingia kwetu Ngokolo, Shinyanga, Jumamosi jioni. Tulilisikia kabla ya kuliona, kwa sababu shemeji alikuwa ameliwekea ekzosi ya bati nene, na geti letu lilipofunguliwa tulisikia jambo la pili: kizingiti kikikwangua tumbo la gari kutoka mbele mpaka nyuma. Springi zilikuwa zimekatwa ili likae chini. Barabara ya kutoka Katoro kupita Bwanga, Runzewe na Ushirombo ina lami, lakini njia ya kwenda kwenye duara haina, na kila jiwe la njia ile lilikuwa limeacha saini yake huko chini.

Kiti cha mbele alikuwa amekaa mama mkwe, aliyechukuliwa njiani Masumbwe bila sisi kuambiwa, na jogoo ndani ya tenga miguuni. Kushuka ikawa kazi. Alitoa mguu mmoja, akapapasa chini, akakuta ardhi iko karibu kuliko alivyotegemea, ikabidi mwanawe amvute mikono yote miwili. Nikasogea pembeni kama inavyompasa mkwe, nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaligeukia gari.

"Nani amelikata miguu?"

Shemeji akaeleza kwamba hiyo ndiyo staili. Mama mkwe akasema hata ng'ombe akiwa hivyo hapelekwi mnadani, huchinjiwa nyumbani.

Jirani yetu ni mzee aliyestaafu kutoka gereji ya mgodi wa almasi wa Mwadui. Mtaa mzima unamwita Mzee wa Mwadui, na hakuna pikipiki inayouzwa Ngokolo bila yeye kuipitia. Alikuja na tochi, kitambaa na sumaku ndogo aliyoichomoa kwenye spika mbovu. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa. "Imetoka safari, mwalimu," akaniambia. "Nitakuja asubuhi. Isiwashwe na mtu."

Alfajiri nilisikia ekzosi ikinguruma uani. Mzee alipofika saa moja, kiganja kilirudi kwenye boneti na boneti ilikuwa ya moto. Hakugombana na mtu. Alivuta kiti, akaomba chai, akatangaza kwamba ana siku nzima. Injini iliyopoa ndiyo inayosema kweli: inaonyesha kama inawaka kwa shida, kama kuna kitu kinagonga kabla oili haijapanda juu, na kama inatoa moshi wa kwanza ambao muuzaji hapendi uonekane. Tukanywa chai. Tukala viazi. Shemeji alikuwa akitazama saa kwa niaba yetu sote. Karibu na saa tano gari likawashwa, likatoa pumzi moja ya bluu, ikapotea.

"Linaonja oili," mzee akasema. "Halijawa mlevi. Sili za valvu."

Kisha akaenda nyuma, akaitazama nembo iliyobandikwa kwenye buti: RS200. Nembo hii ndiyo iliyokuwa imebeba nusu ya bei. Altezza ilitoka Japani Oktoba 1998, kazi ya mhandisi Nobuaki Katayama, ikachukua tuzo ya gari bora la mwaka la Japani ya 1998-1999, na ilikoma kutengenezwa 2005. Vijana wanaijua kwa taa zake za nyuma, zilizoigwa dunia nzima mpaka taa za namna ile zikaitwa kwa jina lake. Ila zilikuwa Altezza mbili chini ya bodi moja. RS200 ina injini ya silinda nne, 3S-GE, iliyopitia mikononi mwa Yamaha, na ile ya gia za mkono inafika nguvu za farasi 210. AS200 ina injini ya silinda sita, 1G-FE, yenye nguvu za farasi 160. Zote ni za lita mbili. Nembo inauzwa dukani, na gundi yake inauzwa duka hilohilo.

Mzee hakubishana na nembo. Alifungua boneti, akapangusa kibati cha chesisi kwa kitambaa, akamwita Kulwa, ambaye yuko darasa la kwanza na anatafuta kila nafasi ya kusoma kwa sauti. Kulwa akasoma: "G, X, E, kumi."

"Ya nne ingeanza na S. Hii ni ya silinda sita."

Shemeji akaruka. "Sita? Mimi waliniambia nne! Basi walinipa zaidi ya nilicholipia. Shemeji, hapo milioni 12 haitoshi."

Ilichukua muda kumweleza kwamba kwenye injini hizi nne zinaishinda sita kwa farasi hamsini, na alipoelewa alinyamaza kidogo, akasema kwamba hata hivyo sita ni nyingi. Mzee naye, badala ya kulishusha gari moja kwa moja, akafanya kitu kilichomsumbua Mama Kulwa: akalisifu. Injini ile ya nne huko kwao hunyweshwa petroli ya daraja la juu, na spea zake ni za kutafutia watu. Hii ya sita inakunywa petroli ya kawaida, na ndugu zake wamejaa nchi nzima, kwenye Mark II, kwenye Verossa, kwenye Crown za zamani. Ikifa kitu Shinyanga, Mwanza kipo. "Kwa mtu wa mashindano limeshuka," akasema. "Kwa mwalimu limepanda." Shemeji aliisikia sentensi ya pili tu.

Ukaguzi ukaendelea. Tairi zilikuwa na kashata nzuri, lakini ubavuni ziliandikwa 1815, yaani wiki ya 18 ya mwaka 2015, na mpira wake ulikuwa na nyufa nyembamba kila mahali. Kuhusu mkanda wa taimingi, ambao kwenye injini ile hubadilishwa kila kilometa 100,000, shemeji alisema hajawahi kuuona. Mzee akauandikia kwamba haujabadilishwa. Dashibodi ilisema gari limetembea kilometa 86,000 tangu 2001, jambo la kupendeza, mpaka Mama Kulwa alipofungua kidroo cha mbele kutafuta kadi akakuta karatasi ya gereji moja ya huko nyuma: oili imebadilishwa, huduma inayofuata kilometa 168,000. Aliisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya daftari lake. Hakusema kitu. Pale Kahama aliwaona wengi wakisubiri mtu wa mizani aseme.

Shemeji alikuwa na ngome moja imara, namba D, na hapo naomba nimtetee kidogo kwa sababu nusu ya Tanzania iko pamoja naye. Matangazo yote ya magari huanza na herufi ile. Lakini herufi inaeleza gari lilisajiliwa lini hapa nchini. Lilizaliwa lini ni habari nyingine, na gari la 2001 lenye namba D liliingia nchini likiwa tayari lina umri wa kutosha. Isitoshe, siku hizi namba E zimejaa barabarani na D imeanza kuwa kaka mkubwa. Kinachoshikilia bei za magari haya yasianguke kabisa ni forodha. Ukitaka kuleta jingine leo utalipa ushuru wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, asilimia 30 nyingine ya uchakavu kwa kuwa limepita miaka kumi, na juu ya yote hayo VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo waliolipa zamani wanauza kodi pamoja na gari, na dalali mmoja wa Mwanza aliponiambia kwa simu kwamba AS200 safi, namba D, inasimama kwenye milioni 9, nilijua sehemu kubwa ya hizo ni ya serikali iliyokwisha kula.

Mchana tukalijaribu barabarani, kwenda Tinde na kurudi. Shemeji aliendesha. Mama mkwe alidai kiti chake cha mbele, mimi nikakaa nyuma upande wa dereva, mbali naye kadiri Altezza inavyoruhusu, na Mama Kulwa akakaa katikati na daftari. Watoto waliachwa na mzee. Mpaka kilometa 70 gari lilikuwa tamu, sitasema uongo. Lina usukani unaojibu upesi, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na injini ile ya silinda sita ina ulaini ambao IST haitaufikia. Kwenye 80 usukani ukaanza kutetemeka. Kwenye 100 ukatetemeka na mlango.

"Punguza," mama mkwe akasema. "Ng'ombe hao."

"Wako mbali, mama."

"Hawatakaa mbali."

Akapunguza, ila kwa kuchelewa, na kichakani mbele ya kijiji tukakutana na tochi ya trafiki. Mwendo wa kijijini ni kilometa 50 kwa saa. Sisi tulikuwa na 78. Askari alikuwa mpole kabisa. Alimwamkia mama, akaingiza namba ya gari kwenye mashine, akaitazama mashine, kisha akalitazama gari kwa heshima mpya.

"Hili gari lina faini sita hazijalipwa. Hii ya leo ni ya saba."

Elfu 30 mara saba. Faini hufuata namba ya gari, hazimfuati dereva, na shemeji alikiri kwamba ujumbe ulikuwa ukienda kwa simu ya mtu mwingine kwa kuwa kadi haijabadilishwa jina. Mama Kulwa akauliza kadi iko kwa jina la nani. Shemeji akasema ya mtu mmoja wa Mwanza, mtu mzuri. Penseli ikatembea.

Tulirudi nyumbani na kuingia sebuleni kwa maongezi yale yaliyokuwepo. Jogoo alikuwa amekwisha chinjwa. Tulikuwa tumefika kwenye milioni 8 za shemeji dhidi ya ukimya wa Mama Kulwa, niliotarajia ungetufikisha kwenye 7, wakati sauti ya Doto ilipopasua dirisha.

"Hapa haishiki!"

Mzee wa Mwadui alikuwa amesinzia kwenye mkeka. Mapacha walikuwa wamechukua sumaku yake na kuizungusha kwenye gari zima: mlango inashika, boneti inashika, buti inashika. Walipofika ubavu wa nyuma wa kushoto, juu ya gurudumu, sumaku ikaanguka. Wakairudisha, ikaanguka tena. Doto, ambaye alikuwa bado na kijiko cha uji mkononi, akataka kujua kwa nini. Tulipotoka nje, kipande cha puti upana wa sahani kilikuwa chini, na ndani ya ubavu wa gari palionekana wavu wa kuku, puti ya rangi tofauti kwa matabaka, na kona ya mfuko wa saruji.

Pakawa kimya, kisha wote tukaanza kusema kwa wakati mmoja.

Shemeji alikuwa wa kwanza kueleweka. Alisema anampenda Doto kama mwanawe, lakini gari lilikuwa zima mpaka saa tisa, na sasa halikuwa zima. Aliyevunja amenunua. Milioni 8, basi, na suala limefungwa.

"Mtoto hakuvunja gari," Mama Kulwa akasema. "Mtoto amevunja puti. Gari lilivunjwa na mtu mwingine siku nyingine."

"Dada, mimi nilivyolinunua halikuwa na shimo."

"Ulilinunua usiku."

"Halikuwa na shimo hata usiku!"

Akageuzia mashambulizi kwenye sumaku. Sumaku ya nani? Mzee akaamka akakuta ni mshtakiwa. Alijitetea kwamba sumaku hainyofoi kitu, kazi yake ni kushika, na kama haikushika basi haikuwa na kosa lolote. Kulwa akashuhudia kwamba kijiko kilikuwa cha Doto. Doto akalia. Mimi nilimbeba, na nikiwa nimembeba nikachungulia lile shimo, nikaona kwamba bati la asili lilikuwa limekunjwa kuelekea ndani kwa nguvu ya kitu kikubwa na butu. Ubavu wa nyuma haufunguliwi kwa bolti kama mbawa ya mbele. Umechomelewa kwenye mwili wa gari. Anayetaka kuutengeneza vizuri anakata na kuchomelea, anayetaka kuuza anajaza. Kwa hiyo swali la Doto lilikuwa la bei kubwa kuliko yote yaliyoulizwa siku ile.

Mama mkwe alituita ndani. Alikaa kwenye kochi, sisi tukapata viti na mkeka kwa daraja zetu. Aliuliza kwanza mwanawe alitaka ng'ombe wangapi. Tukamsaidia kugawa: kwa laki nane mmoja, milioni 12 ni ng'ombe kumi na watano.

"Kumi na watano wangekuwa wameshazaa. Hili limezaa nini?"

"Faini," Mama Kulwa akajibu.

Kisha Mama Kulwa akapewa nafasi ya kusoma daftari. Alisoma kwa sauti ileile aliyokuwa akiwasomea wachimbaji asilimia zao. Kuanzia milioni 9 za dalali wa Mwanza alitoa mkanda na pampu ya maji, akatoa tairi nne, akatoa springi, shokapu na bushi, akatoa ubavu laki sita, akatoa faini saba, akatoa gharama za kubadilisha umiliki, na mwishoni akatoa laki tatu ya kitu alichokiandika "yasiyojulikana". Shemeji aliuliza yasiyojulikana ni yapi. Akaambiwa yangekuwa yanajulikana yangekuwa kwenye mstari wake. Iliyobaki: milioni 5 na laki 4 na elfu 90. Hakulitukana gari wala nembo yake. Alisema ni AS200, iliyotembea sana, iliyopigwa nyuma, yenye injini nzuri, na hiyo ndiyo bei ya vitu hivyo vikiwa pamoja.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akafunga macho, akafungua.

"Injini ina ngapi?"

"Sita, mama."

"Basi milioni sita. Msiniulize zaidi."

Tulidhani amemaliza. Akanigeukia mimi, yaani aliugeukia ukuta ulio karibu nami, kwa heshima. Alisema hataki kuchanganya mambo, lakini kwa kuwa tumeketi, kulikuwa na ng'ombe watatu wa mahari waliobakishwa kwa amani miaka ile, na mahari haina haraka, naye hajawahi kuitaja. Sasa anaitaja. Wale watatu waletwe Masumbwe. Mwanawe huyu hana mke, ana duara. Ng'ombe wa dada ndio wa kumwolea kaka, ndivyo ilivyo kwa Wasukuma wote, na ng'ombe hawatauzwa kununua pampu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alipanda gari lile kutoka Masumbwe na jogoo miguuni. Shemeji naye alielewa, nikamwona anavyotafuta mlango. Alijaribu kusema kwamba ng'ombe hawavuti maji kwenye duara. Mama yake akasema ndiyo maana anawapenda.

Kuanzia jioni ile gari limeuzwa kwa bei tatu. Shemeji huwaambia wenzake wa Katoro kwamba alipata milioni 8 na laki 4, kwa kuhesabu ng'ombe watatu. Mama Kulwa husema tulilipa sita kwa kitu cha tano na nusu, na nusu ni ya udugu. Ng'ombe walikuwa deni na deni haliingii kwenye bei. Mama mkwe huwaambia majirani kwamba mkwe wake amemaliza mahari, na akapewa gari la kurudi nalo.

Kilichobaki kilikuwa kadi. Kuhamisha umiliki TRA kunahitaji aliyeandikwa kwenye kadi auze rasmi, kwa mkataba na namba yake ya mlipakodi, na shemeji hakuwa na kitu cha mtu yule ila namba ya simu. Tulimpigia siku iliyofuata kabla mama mkwe hajaondoka, tukaweka sauti ya nje, simu ikawekwa juu ya meza katikati ya vikombe. Bwana yule alikumbuka namba ya gari papo hapo.

"Ile nyeupe?"

Tukatazamana. Mama Kulwa akachukua kadi, akapitisha kidole mpaka kwenye mstari wa rangi. Nyeupe.

"Kwa hiyo bado inatembea," bwana akaendelea, kwa furaha ya kweli. Akatusimulia bila kuulizwa. Ilikuwa mvua, maeneo ya Misungwi, ng'ombe wanavuka. Alikanyaga breki, na gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma kwenye lami yenye maji lina mawazo yake. Likazunguka, likampiga dume mmoja kwa ubavu. Dume alikufa pale pale. Kijiji kikakaa kikao, akalipa bei ya wawili, akauza gari mwezi uleule. Kusaini atasaini, hana shida, ila tumfikirie laki mbili za usumbufu.

Mama Kulwa alikuwa tayari amefungua daftari. "Hizo zinatoka kwenye sita zako," akamwambia mdogo wake. "Na kusajili rangi pia."

"Dada, mimi nilinunua nyeusi!"

Mama mkwe akaisogelea simu, akainama juu yake.

"Na huyo dume, baba, ulilipa kweli?"

"Nililipa, mama. Wawili."

"Kwa risiti?"